CD Isiyojaa

Mume wangu hajawahi kumpimia mtu kitu kikaishia ukingoni. Akikumiminia chai, itabidi uinamie meza unywe mafunda mawili ya kwanza kama ndama, maana kikombe hakiinuliki. Mtume chumvi, ataleta ya mtaa mzima. Nimeishi naye miaka mingi, nimemsema mpaka midomo imenikauka, habadiliki.

Na si yeye peke yake, ni ukoo. Mama mkwe wangu alikuwa akiuza ulezi sokoni Sumbawanga, na kule Ufipa ulezi una namna yake ya kupimwa. Unajaza kopo, unatikisa, unajaza tena, kisha unaweka kilele mpaka punje zianze kuporomoka pembeni. Muuzaji akipitisha kiganja juu ya kopo likawa bapa, mnunuzi hasemi kitu. Analitazama kopo, anamtazama muuzaji, anahamia kwa jirani. Mume wangu alikulia chini ya meza ile. Kumpa mtu kitu kisicho na kilele, kwake ni kumtukana.

Mimi ni mtoto wa wafugaji. Baba alishuka na ng'ombe wake kutoka Usukumani nikiwa bado mgongoni kwa mama, akaweka zizi bonde la Rukwa, upande wa Ilemba, na huko ndiko nilikokulia. Kwetu hakuna kilele. Ng'ombe ni mmoja au ni wawili, huwezi kumwekea mwenzio nusu ya mwingine juu yake. Labda ndiyo maana mimi na mume wangu tumegombania vipimo maisha yetu yote, na ugomvi mkubwa kuliko yote ulikuwa wa CD.

Ilikuwa miaka ya soko huria. Majengo, mtaa wetu pale Sumbawanga, palikuwa panachemka, leo linafunguliwa duka la redio, kesho la mitumba, keshokutwa mtu kaweka mashine ya kusaga. Wakati huohuo ofisi za serikali zilikuwa zinapunguza watu. Mtaa mmoja huohuo, huyu anapaka rangi bango la duka, yule anarudi nyumbani na kiinua mgongo ndani ya bahasha, hajui aanzie wapi. Sisi tulikuwa miongoni mwa waliopaka rangi bango. Tulikuwa na chumba kimoja, kompyuta mbili za mtumba na printa yenye kelele mpaka jirani muuza nyama akawa analalamika. Mume wangu alisomea mambo hayo Dar es Salaam. Mimi nilijifunzia palepale dukani, kwa kukosea.

Watu nao wakaanza kununua kompyuta za mtumba. Zilikuwa zinafika hazina programu ya kuandikia. Za dukani bei yake ilikuwa ya ng'ombe mzima, na za wizi zilikuja na virusi. Mume wangu akawa na dawa yake, programu huria. Nilipomwuliza ndiyo nini, akasema ni programu ambazo waliozitengeneza wamewaachia watu wote. Mtu azitumie, azigawe, na akitaka azifungue aone zilivyoshonwa ndani.

"Bure?"

"Bure."

"Na wao wanakula nini?"

Nadhani mpaka leo hajui. Mtandao wetu wakati ule ulikuwa wa waya wa simu, ukianza kupakua kitu kikubwa unaweza kwenda shamba ukapalilia ukarudi ukakuta bado. Kwa hiyo rafiki yake aliyekuwa Mbeya alikuwa anazipakua huko, anatutumia kwa basi, sisi tunazichoma kwenye CD. Mteja analipia CD na kazi ya kuichoma, basi.

Sasa, ukiichoma CD, upande wa chini pale palipoandikwa panabadilika rangi. Panakolea kuanzia katikati kwenda nje. Ukiandika kidogo unaona pete nyembamba, ukijaza rangi inafika ukingoni. Wateja wetu walilijua jambo hilo kabla hawajajua hata kuwasha kompyuta. Mtu anapokea CD, anaigeuza, anaiinamisha kwenye mwanga wa mlangoni, anauliza, "Mbona haijajaa?" Vijana ndio usiseme. "Oya mshikaji, hii umenipigia nusu, vipi tena?"

Mume wangu alikuwa anaumia mpaka unaona. Basi akaanza kuzijaza. Alitanguliza programu yenyewe ya kuandikia, akaongeza toleo lake la zamani kwa ajili ya kompyuta dhaifu, na toleo jipya ambalo mafundi wenyewe waliolitengeneza walisema bado wanalijaribu. Akaongeza matoleo ya aina za kompyuta ambazo Sumbawanga nzima hapakuwa na hata moja. Akatia na maandishi ya ndani, yale ambayo mafundi waliyaandika walipokuwa wanaishona programu, vifaili maelfu vyenye majina ambayo hata kuyatamka huwezi. Ikibaki nafasi, anamalizia na michezo. CD ikakolea mpaka ukingoni. Mteja anaigeuza, anatabasamu, anaondoka, na mume wangu naye anabaki anatabasamu peke yake kwenye kiti.

Siku moja akaingia mama mmoja, kitenge kimepigwa pasi, viatu vimepakwa rangi. Nilimjua, Majengo wengi walimjua. Alikuwa mpiga taipureta katika ofisi moja ya serikali tangu mimi sijui kusoma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida yangu, nisikilizeni."

Akaketi, akaeleza bila kuzungukazunguka. Alikuwa amepunguzwa kazi. Barua za waliopunguzwa alizichapa yeye mwenyewe, moja baada ya nyingine, na ya mwisho kwenye lundo ilikuwa yake. Aliichapa, akaipitia kama ina kosa, akaipeleka kwa mkubwa ikasainiwe. "Haikuwa na kosa hata moja," akatuambia, na nikaona kwamba jambo hilo bado analionea fahari.

Kiinua mgongo chake alikinunulia kompyuta. Nyumbani alikuwa na wajukuu wawili ambao mama yao alikwisha kutangulia mbele ya haki, na hawakuwa na mtu mwingine. Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alimwahidi kwamba akileta mtihani mmoja uliochapwa kwa kompyuta, safi, kufikia Ijumaa ya wiki iliyofuata, mitihani ya shule zote za kata atachapa yeye. Asipouleta, kazi inakwenda kwa kijana mwenye duka karibu na stendi. Zama za kuchapa mitihani kwa stensili na kujipaka wino zilikuwa zimekwisha, ndivyo mwalimu alivyomwambia.

"Taipureta mimi naipiga huku naongea na watu," mama yule akasema. "Hii sijaizoea, lakini herufi si ni zilezile?"

"Ni zilezile, mama," akajibu mume wangu, akampa CD. "Kila kitu kimo humu ndani. Hutapungukiwa."

Mama akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga. "Mungu akubariki, mwanangu. Umenijazia kwelikweli."

Hatukumwona tena mpaka Alhamisi ya wiki ile aliyopewa. Mara nasikia toroli linagota kwenye kizingiti, natoka, namkuta yeye na mwenye toroli, na kompyuta yake imefunikwa kwa khanga kama mgonjwa. Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, za wajukuu, za mvua. Halafu akasema amekuja kutuuzia kompyuta.

"Imeharibika, mama?"

"Hapana, ni nzima. Mimi ndiye siiwezi."

Alisema kwa upole, hana hasira na mtu, na upole ule ulinitisha kuliko kama angefoka. Tukaiingiza ndani, nikaiwasha. Jamani! Ilichukua muda kuamka mpaka nikadhani imezimika. Ilipoamka, kioo chote kilikuwa kimejaa vialama vya programu, huoni hata rangi ya nyuma. Vya programu ya kuandikia peke yake vilikuwa vitatu, na vinafanana. Ukibofya hiki, kinagoma kwa Kiingereza kwamba nafasi imekwisha. Ukibofya kile, kinafunguka nusu kinaganda. Na yale maandishi ya mafundi yote yalikuwa yamehamishiwa humo, hata kifaili kimoja hakikuachwa.

"Mama, uliingiza vyote?"

"Vyote. Tangu cha juu mpaka cha chini."

"Kwa nini?"

Akashangaa swali langu. "Mwanangu, mtu amenijazia mpaka ukingoni, mimi nianze kuchambua, hiki nakitaka, hiki sikitaki? Ndivyo tulivyolelewa? Na ningejuaje kipi ndicho? Nikasema hawa hawakuviweka bure, kila kimoja kina kazi yake." Akakitazama kioo. "Yale maandishi marefu nilidhani ndiyo maelekezo. Nilikaa nayo nayasoma. Kiingereza cha ofisini nakijua, lakini pale sikuambulia hata mstari mmoja."

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Mama akakunja khanga yake taratibu, pembe kwa pembe.

"Waliponiambia wakati wangu umepita, niliwachukia sana," akasema. "Sasa naona hawakunionea."

Mimi si mtu wa kulia hovyo, uchungu wangu hugeuka hasira upesi, na hasira ile ilikuwa inatafuta pa kutua. Nikamwambia hatununui. Aiache kompyuta, na kesho asubuhi aje na karatasi ya mtihani ambayo mwalimu alimwandikia kwa mkono.

"Mtanichapia ninyi?"

"Utachapa mwenyewe."

Aliitikia kwa adabu tu, nikaona hasadiki hata neno moja. Alipokwisha kupinda kona, nikamgeukia mume wangu.

"Umeona? Umeona ulichomfanyia mama wa watu?"

"Mimi? Mimi nimemfanyia nini zaidi ya kumpa? Kitu cha bure, nimempa chote, sijambania hata kimoja. Ningempa nusu si ungekuwa wa kwanza kuniita mkono wa birika?"

"Afadhali birika! Birika lina mdomo mmoja, mtu anajua chai inatokea wapi!"

Akakaa. Akaniambia, sasa kwa sauti ya chini, kwamba hata waliozitengeneza hawataki yale maandishi ya ndani yafichwe, mwenye kupewa programu ana haki nayo. Nikamwambia sijasema yafichwe. Ndipo nikamkumbusha habari ya baba, ambayo alikwisha kuisikia, lakini siku ile alinisikiliza.

Kule bondeni tulikuwa na jirani mkulima ambaye hakuwahi kufuga. Baba akataka kumkabidhi ng'ombe wa maziwa, kama wafugaji tunavyofanya kwa mtu tuliyepatana naye, awe anakamua na kumtunza. Zizi lilikuwa limejaa. Baba hakumwingiza jirani zizini achague. Alimtoa ng'ombe mmoja, jike zee, pole, lisilorusha teke hata ukilivuta chuchu vibaya, akamkabidhi kamba mkononi. Mimi nilikuwa mtoto, nikauliza mbona tunampa zee na tunao wazuri. Baba akasema, "Huyu atamfundisha kukamua. Akishajua, ataona mwenyewe wengine wako wapi. Mlango wa zizi si uko wazi?"

"Mama wa watu hajawahi kukamua," nikamwambia mume wangu, "na wewe umemfungulia zizi lote limkanyage."

Akavuta kiti mbele ya kompyuta ya mama, akaanza kufuta.

Tulifunga mlango wa duka mchana ule tukafanya kazi. Kufuta kulikuwa rahisi, kuchagua ndiko kulikotugombanisha. Kila nikitoa kitu, ananiuliza, je, akija mtu anayekihitaji? Mwisho tukapatana. CD ya kwanza itakuwa na programu moja tu ya kuandikia, toleo lililotulia, la kompyuta za aina ambayo watu wanazo. CD ya pili itakuwa na vingine vyote, pamoja na maandishi ya mafundi, itakaa rafuni mahali inapoonekana, imeandikwa juu yake kwa kalamu nene, "Vilivyobaki. Uliza." Atakayeuliza atapewa palepale.

Kisha akapanga CD ya kwanza ijifungue yenyewe ukiiingiza. Kinatokea kidirisha kimoja, kwa Kiswahili, chenye kitufe kimoja, "Bofya hapa uanze kuandika." Maswali ya Kiingereza ambayo programu ilikuwa inauliza njiani, akaipanga ijijibu yenyewe. Nilimfanya aijaribu mara kadhaa, nami nikakaa kwenye kiti cha mteja najifanya sijui kitu. Ilikwenda vizuri. Nikatoka kununua mkate, narudi, naona kidirisha kimeota vitufe vitatu zaidi. Karata, picha za maua, na kamusi ya Kireno.

"Ala! Na hii nini?"

"Nyongeza kidogo tu," akasema, hanitazami. "Igeuze uone ilivyokuwa. Imeshika kapete kembamba, inatia aibu."

"Kireno, baba watoto? Nani Majengo anaandika Kireno?"

Nilicheka mpaka nikashika meza, naye mwisho akacheka, akavitoa. Lakini alipoichoma CD ile ya mwisho akaigeuza na kuitazama, uso wake ulikuwa wa mtu anayempelekea mgeni sahani tupu.

Ijumaa asubuhi mama alifika mapema, karatasi ya mwalimu ameifunga kwenye nailoni. Hakuwa na kile kitenge kilichopigwa pasi. Kompyuta yake tuliiweka tayari mezani, nyeupe ndani, haina kitu.

"Mama, ngoja nikuingizie mimi, ni mara moja tu," akasema mume wangu.

"Halafu nyumbani ikizingua nije tena na toroli? Hapana. Nipe mwenyewe."

Akapewa CD. Akaigeuza, akaiinamisha kwenye mwanga wa mlango. Tukasubiri.

"Haijajaa hii."

Nilimwona mume wangu anafungua mdomo, na jicho lake limeshakwenda rafuni kwenye ile ya pili. Nikamkanyaga mguu.

"Ndiyo, mama," akasema. "Haijajaa."

Mama akaiingiza. Kidirisha kikatokea. Akakitazama, akatazama pembeni mwa kioo, juu, chini, anatafuta.

"Vingine viko wapi?"

"Hapo ni hicho kimoja tu, mama," nikasema, halafu nikajiuma ulimi nisiongeze neno, na anayenijua anajua kazi niliyoifanya.

Akaweka kidole juu ya kipanya. Akabofya. Kompyuta ikanguruma, ikanguruma, mimi moyoni naiombea kama ninavyomwombea ng'ombe azae salama. Mara ukurasa mweupe ukafunguka, mtupu kabisa, na kile kimstari kinachopepesa kikamngoja pale juu kushoto.

Mama alinyoosha mgongo. Akasogeza kiti nyuma kidogo, akainua viganja, na vidole vyote kumi vikashuka kwa pamoja. Loo! Sijaona tena mtu anayechapa vile. Macho yake yalikuwa kwenye karatasi ya mwalimu, hayaendi kwenye vibonyezo hata mara moja. Alipofika mwisho wa mstari wa kwanza, mkono wa kushoto ulinyanyuka wenyewe kusukuma kile chuma cha taipureta kinachorudisha mstari, ukakuta hewa. Akaguna kidogo, akaendelea. Mtihani wa darasa la nne. Chagua jibu moja lililo sahihi.

Printa ilipoutoa, aliupitia kwa kidole mstari kwa mstari, akauweka kwenye nailoni, akaondoka. Hakusema asante wala nini. Mume wangu akaniuliza, "Amekasirika?" Nikamwambia sijui. Hata mkate niliomwekea hakuugusa asubuhi ile. Alikaa anatazama mlango, na kila mteja aliyeingia nilimhudumia mimi.

Mama alirudi adhuhuri. Hakuwa na haraka. Aliingia, akaketi kwenye kiti kilekile mbele ya kompyuta yake, akaweka mikono mapajani.

"Kata nzima," akasema. "Shule zote. Amenipa zote."

Tukapiga makofi sote wawili, nikapiga na kigelegele, muuza nyama akachungulia. Lakini mama hakucheka. Alikuwa anaitazama kompyuta, na machozi yanamtoka, anayaacha tu yashuke.

"Wiki nzima nilikuwa nakaa mbele ya kitu hiki," akasema, "wajukuu wananiuliza, bibi, umeweza? Nawaambia bado. Nikawa najua moyoni kwamba tatizo ni mimi. Nikalala nalo, nikaamka nalo." Akaifuta kompyuta kwa pembe ya khanga, kwenye kioo, polepole.

"Kumbe si mimi, wanangu. Kumbe si mimi."